Mlima wa Bikizee: namna ya kusoma majina ya Kigaeli ya vilima na vijito vya Uskoti

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wangu wa nne Glasgow. Tuna kikundi cha Waswahili wapatao kumi na wawili, na kila mwisho wa mwezi tunapanda mlima mmoja. Nimepewa kazi ya kuandaa kijitabu chenye majina ya milima na vijito tulivyopita pamoja na maana zake kwa Kiswahili, na nimekwama. Tulipopanda Beinn na Caillich kule kisiwani Skye, mmoja wetu alisema maana yake ni mlima wa mchawi, mwingine akasema ni mlima wa watawa, na kamusi ikanipa bibi kizee. Cairn Gorm nimeona ikitafsiriwa kuwa rundo la buluu, ilhali nilipofika sikuona buluu yoyote. Neno allt, kamusi moja inasema ni kijito, nyingine inalihusisha na mteremko. Isitoshe, mwenyeji mmoja ameniambia kwamba majina yote ya milima ya Uskoti ni ya Kigaeli na kwamba hakuna tena ajuaye maana zake. Je, niziamini kamusi? Na kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya wageni tunayofikia, Allt na h-Àirigh, nikiandikeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona kuwa kinachokusumbua ni zaidi ya maneno matatu ya kamusi. Unaogopa kuwapa wenzako kijitabu chenye uongo, na hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu tafsiri mbovu ya jina la mahali ikishachapishwa hunakiliwa na wengine, hata ikawa ndiyo maana anayoambiwa kila mgeni. Nianze kwa kukutuliza: kamusi zako hazikukudanganya. Kamusi hutafsiri neno, lakini jina la mlima ni kauli nzima, iliyosemwa na mtu mwenye shughuli zake mahali pale akimwelekeza mwenzake, na kauli hiyo ina sarufi yake, ina upande wa nchi ambako msemaji alikuwa amesimama, na ina watu waliokuwa wakiitumia kila siku. Ukilirudisha jina katika hali hiyo, sehemu kubwa ya utata ulionieleza huondoka, na ule unaobaki ni utata wa kweli ambao msomaji wako anastahili kuambiwa.

Kwanza nimsahihishe yule mwenyeji wako, kwa heshima, maana ameteleza mahali pawili. Si majina yote ya milima ya Uskoti ni ya Kigaeli. Lugha hiyo ilianza kuenea kutoka magharibi, kwenye ufalme wa Dál Riata uliokuwa Argyll na kaskazini mwa Ayalandi, na ilipofika mashariki ilikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na wenyewe na majina yao. Huko waliishi Wapikti, ambao lugha yao inaonekana kuwa jamaa ya Kiwelshi. Visiwani na katika pwani ya kaskazini waliingia mabaharia kutoka Norwei kuanzia karibu mwaka 800, na visiwa vya Hebrides vilibaki chini ya mfalme wa Norwei hadi Mkataba wa Perth wa mwaka 1266. Ndiyo maana katika kisiwa cha Rùm unakuta vilele vinavyoitwa Askival na Hallival, ambavyo mwisho wake ni neno la Kinorwei cha kale lenye maana ya mlima. Suilven, ule mlima wa mita 731 unaosimama peke yake kama nguzo huko Sutherland, una nusu ya Kinorwei, yaani nguzo, na nusu ya Kigaeli, yaani mlima. Ben Hope nao, wenye mita 927, unatafsiriwa na wengi kuwa Mlima wa Tumaini kwa sababu ya Kiingereza, ilhali Hope hapo ni neno la Kinorwei la ghuba, lililopokewa na Wagaeli wakaliwekea beinn, yaani mlima, mbele. Ukikuta tafsiri ya aina hiyo katika kitabu chochote, kiweke kando.

Kosa la pili ni hilo la kusema kwamba hakuna ajuaye. Katika sensa ya mwaka 2011 watu 57,602 walijiandika kuwa wanazungumza Kigaeli cha Uskoti, na katika ile ya 2022 idadi ilikuwa 69,701. Ni wachache, na katika vijiji vyenyewe vya visiwani lugha iko katika hali ngumu ambayo takwimu hizo zinaificha, lakini wapo, na wengi wao huelewa majina ya vilima vyao kama wewe unavyoelewa Mto wa Mbu au Mlima Meza. Anayesema hakuna ajuaye, mara nyingi hajawahi kuuliza.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo Mswahili analo mkononi bila kujua. Kiingereza hutanguliza sifa kisha kikataja kitu, na Kinorwei cha kale vilevile, ndiyo maana neno la mlima katika Askival liko mwishoni. Kigaeli hufuata mpangilio wetu: kitu kwanza, sifa au mwenyewe baadaye. Beinn Dearg ni mlima mwekundu, neno kwa neno. Allt a' Mhuilinn, kile kijito kinachoteremka chini ya majabali ya upande wa kaskazini wa Ben Nevis, ni kijito cha kinu, na kile kiungo kidogo cha katikati kinafanya kazi iliyo karibu sana na ile ya "cha" yetu. Kwa hiyo unapoiona ramani, usianze na neno la mwisho kama Mwingereza. Anza na la kwanza: hilo ndilo litakalokuambia kama unatazama mlima, mto, bonde au bwawa.

La pili ni upatanisho. Sisi husema mlima mkubwa lakini kilima kikubwa, na mgeni anayejifunza Kiswahili hulalamika kwamba neno moja lina vichwa vingi. Kigaeli nacho hubadilisha kichwa cha neno, ingawa kwa njia nyingine, yaani kwa kulainisha sauti ya kwanza, na ulainisho huo huandikwa kwa kuongeza herufi h. Neno la ukubwa ni mòr. Càrn ni jina la jinsi ya kiume, hivyo unapata Càrn Mòr. Beinn ni la jinsi ya kike, hivyo unapata Beinn Mhòr, na hiyo mh hutamkwa v. Waandishi wa Kiingereza waliposikia na kuandika walivyoweza, ikazaliwa Ben More, ambayo haina uhusiano wowote na neno lao la "zaidi". Ukishajua kwamba bh na mh ni v, kwamba th na sh hubaki pumzi tu, na kwamba fh hunyamaza kabisa, utaanza kuyatambua maneno yaleyale yakiwa yamevaa nguo mbalimbali. Utauliza kwa nini basi Beinn Dearg haikuwa na h. Ni kwa sababu n na d hutamkwa mahali pamoja mdomoni, ulimi ukiwa umegusa nyuma ya meno, na zikikutana hivyo ile d mara nyingi hukataa kulainika. Sheria ndogo, lakini inaonyesha kwamba majina haya yaliishi midomoni mwa watu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Tahadhari moja hapa kwa ajili ya matamshi mtakayoandika. Dh ya Kigaeli isisomwe kama ya dhahabu. Inapokuwa karibu na a, o au u husikika kama gh ya ghali, na ch yao baada ya irabu hizo ni kh ya kheri, kwa hiyo loch, yaani ziwa, ni lokh. Watu wa pwani waliomo katika kikundi chenu watazitamka sauti hizi vizuri kuliko wenyeji wengi wa Glasgow, na nawaomba wazitamke kwa kujiamini.

Turudi kwa bikizee wako, maana hapa ndipo penye utamu. Neno ni cailleach, na asili yake ni caille, yaani utaji au ushungi, neno ambalo Kigaeli cha kale kilichukua kutoka Kilatini pamoja na Ukristo. Cailleach, basi, kwa asili ni mwenye ushungi. Kutokana na hapo likawa jina la mtawa wa kike, kisha la mwanamke mzee kwa jumla, kisha likavutwa na masimulizi ya kale kumtaja yule kikongwe mwenye nguvu za ajabu anayehusishwa na majira ya baridi na dhoruba, ambaye milima mingi ya Uskoti na Ayalandi inasimuliwa kwamba aliiumba kwa mawe aliyoyadondosha. Hata bundi kwa Kigaeli ni bikizee wa usiku. Kwa hiyo wenzako wote wawili walishika kipande cha kweli. Lakini sarufi inatusaidia kupunguza. Jina linasema na Caillich, na umbo hilo ni la umoja: bikizee mmoja, au mtawa mmoja. Kama wangekuwa watawa wengi, tungeona nan Cailleach. Watawa kwa wingi, basi, wameondoka. Mchawi naye simkubali, kwa sababu Kigaeli kina neno lake la mwanamke mchawi, na kulitia jina hilo mahali pa cailleach ni kumpa kikongwe tuhuma ambayo waliomwita hawakuitamka. Waswahili tunajua vizuri jinsi bibi mwenye macho mekundu anavyoweza kuitwa mchawi kwa uzee wake tu, na nisingependa kijitabu chenu kiendeleze jambo hilo juu ya mlima wa watu.

Kuna jambo jingine ambalo lazima ulihakikishe: Skye ina milima miwili yenye jina hilo, mmoja juu ya mji wa Broadford na mwingine karibu na Kylerhea. Kama mlipanda ule wa Broadford, mliona kileleni rundo kubwa la mawe, na wenyeji husimulia kwamba chini yake amezikwa mwanamke mashuhuri wa Norwei aliyetaka upepo wa kwao umpitie. Siwezi kukuambia kwamba mlima uliitwa hivyo kwa sababu yake. Yawezekana kabisa jina lilitangulia na hadithi ikaja kulifafanua, maana watu huona jina na rundo la mawe, wakatafuta wa kumlaza humo. Hata hivyo hadithi ni mali ya mahali hapo na inastahili nafasi yake, mradi uiandike kama masimulizi. Mimi ningeandika: "Mlima wa Bikizee", kisha sentensi mbili juu ya ushungi na juu ya mwanamke wa Norwei.

Kuhusu Cairn Gorm, kosa liko katika kudhani kwamba rangi za lugha mbili zimegawanywa kwa mipaka ileile. Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Sifa za rangi zinazopatana na nomino katika lugha yetu ni tatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, na nyingine zote tumezijenga kwa majani, maua, majivu, au tumezikopa. Ndiyo maana twasema mtu mwekundu kwa mtu ambaye ngozi yake haina wekundu wowote ule wa damu. Gorm ya Kigaeli ni buluu, lakini pia ni rangi ya nyasi zilizostawi. Glas huchukua kijivu na kijani kibichi kwa pamoja. Liath ni kijivu kinachoelekea buluu. Dearg ni nyekundu kali na ruadh ni wekundu wa kutu au wa nywele za Mzungu mwenye nywele nyekundu. Càrn nalo ni rundo la mawe kwa asili, lakini katika sehemu hizo za mashariki limekuwa jina la kawaida la mlima wa mawemawe wenye kichwa cha mviringo, kwa hiyo "rundo" haifai tena katika tafsiri.

Halafu jiulize msemaji alikuwa amesimama wapi. Wewe ulikuwa juu ya mlima, kwenye mita 1,245, huku miguu yako ikikanyaga changarawe ya mawe ya matale. Aliyeuita gorm alikuwa bondeni, kando ya mto Spey, akiutazama kwa mbali siku ya jua, na milima ya mbali huwa na rangi hiyo popote duniani, hata Usambara ukiitazama kutoka Mombo. Safu nzima yenyewe, ambayo ramani za Kiingereza zimeipa jina la mlima huu mmoja, kwa Kigaeli inaitwa Am Monadh Ruadh, nyanda za juu zenye wekundu, kwa sababu ya matale yake, na imepewa jina hilo ikilinganishwa na Am Monadh Liath, nyanda za kijivu, zilizo ng'ambo ya pili ya bonde hilohilo. Majina mawili, bonde moja katikati: hayo ni maneno ya watu waliosimama palepale wakigeuza shingo kushoto na kulia. Nadhani ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika ramani yote ya Uskoti.

Sasa allt. Kamusi zako mbili zimeandika nyakati mbili za neno moja. Katika Kigaeli cha kale, na hata leo Ayalandi, neno hilo lilihusu mwinuko, ukingo mkali au genge, na katika Kiwelshi jamaa yake ni mteremko wa kilima. Huko Uskoti maana iliteleza polepole kutoka kwenye kingo hadi kwenye maji yapitayo katikati yake, na sasa ni kijito cha mlimani. Mtu aliyekulia Dodoma au Singida hataona ajabu, kwa sababu korongo kwetu ni bonde lililochimbwa na maji, lakini masika ikifika twasema korongo limejaa, korongo limemchukua ng'ombe. Kwa hiyo andika "kijito" bila wasiwasi, na ukumbuke tu kwamba ni kijito chenye kingo, kinachoshuka kwa kasi.

Kigaeli hupanga maji yake kwa makini. Abhainn ni mto. Allt ni kijito. Chini ya hapo kuna caochan, neno linalotokana na upofu, ambalo ni kimkondo chembamba kinachojificha chini ya vichaka. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa caochan nilikuwa nimesimama juu yake bila kujua. Mzee aliyenichukua aliniambia niiname nisikilize, na kweli maji yalikuwa yakisema chini ya miguu yangu, hayaonekani hata tone. Eas ni maporomoko, fuaran ni chemchemi, tobar ni kisima, kama katika mji wa Tobermory, Kisima cha Mariamu, ulioko kisiwani Mull. Coire, lile bonde la duara lililochongwa na barafu ubavuni mwa mlima, ni neno lilelile la chungu cha kupikia, na ukisimama mdomoni mwake asubuhi ya ukungu hutahitaji kuelezwa.

Hata hivyo kuna kanuni ambayo itakuokoa na aibu: maji yanavyokuwa makubwa zaidi, ndivyo jina linavyoelekea kuwa la kale zaidi. Kijito hufahamika kwa wachungaji wa pale tu, na lugha yao ikibadilika, jina nalo hubadilika. Mto mkubwa hupita katika nchi za watu wengi, na anayehamia hulipokea jina lake kutoka kwa majirani hata kama halielewi. Mwanajiografia Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya 2, alikwisha kuutaja mto Tay kwa jina la Tava, kabla Kigaeli hakijafika kingo zake. Majina kama Tay, Ness, Spey na Nevis usijaribu kuyatafsiri kwa kamusi ya Kigaeli. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika Ufalme wa Muungano kwa mita 1,345, umeitwa kwa jina la mto na bonde lililo chini yake, na maana ya jina la mto huo haijathibitishwa. Zile tafsiri za "mlima wenye kichwa mawinguni" au "mlima wenye sumu" ni majaribio ya baadaye ya kulifanya jina la kale liseme Kigaeli. Kupokea jina bila kulielewa kumetokea kwetu pia. Nyanza na Nyasa yalikuwa maneno ya ziwa katika lugha za wenyeji, nasi tukasema Ziwa Nyanza na Ziwa Nyasa, yaani ziwa ziwa. Kisiwani Mull kuna maporomoko yanayoitwa Eas Fors: eas ni maporomoko kwa Kigaeli, na fors ni maporomoko kwa Kinorwei cha kale.

Neno la haraka juu ya ramani yenyewe. Maandishi unayoyaona yametokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Ordnance Survey, shirika la serikali la kuchora ramani, ya karne ya 19, iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wanajeshi wasiojua Kigaeli, ambao waliandika kila jina katika daftari pamoja na majina ya watu waliothibitisha tahajia yake. Walipendelea kuwauliza wenye mashamba makubwa, makasisi na walimu, kuliko wachunga kondoo waliokuwa wakilitumia jina kila siku. Kazi yao ni ya thamani sana, na madaftari hayo sasa yanasomeka mtandaoni bure, lakini makosa yamo. Milima mingine ilibaki na tahajia ya Kiingereza, kama Ben Vrackie juu ya Pitlochry, ambayo ndani yake limo neno breac, madoadoa. Mwingine, Lochnagar, ni mlima wa mita 1,155 unaotembea na jina la kibwawa kilicho chini yake. Na neno hilo breac litakutega: likifuata jina kama sifa ni madoadoa, lakini ukilikuta baada ya nam, kama katika Loch nam Breac, ni samaki, trauti wa mito baridi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya madoa yake.

Kijitabu chako kiandikweje, basi? Unaweza kutafsiri kila kitu na kuacha Kigaeli nje. Kitasomeka kirahisi, lakini mwenzako akipotea hataweza kulinganisha chochote na ramani au na kibao cha njia. Unaweza pia kuacha majina yote yalivyo na kuweka orodha ya maneno mwishoni. Ni salama, lakini watu hawatafungua huko mwisho. Mimi ningeweka jina kama lilivyo kwenye ramani, chini yake matamshi kwa tahajia ya Kiswahili, kisha tafsiri, na penye shaka niandike waziwazi kwamba maana haijathibitishwa. Kwa mfano, Meall an t-Suidhe, kilima kilicho kando ya njia ya kupandia Ben Nevis: matamshi yake ni karibu na "mel an tii", kwa sababu ile t imeinyamazisha s, na maana yake ni kilima cha kukalia. Kazi itakuwa ndefu zaidi, lakini hutalazimika kuirudia.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, yangu yakiwamo. Kama mnataka kuchapisha kwa wingi, au mtu wa kikundi anataka kuipa nyumba au biashara yake jina la Kigaeli, msitegemee kamusi wala jibu hili. Wasilianeni na Ainmean-Àite na h-Alba, chombo cha kitaifa kinachoshughulikia majina ya mahali ya Kigaeli, ambacho pia kina hazina ya majina mtandaoni. Mkiwa Skye, chuo cha Sabhal Mòr Ostaig kiko rasi ya Sleat na kinafundisha kwa Kigaeli. Ombeni mtu awatamkie majina yenu kwa sauti, kwa sababu mara nyingi matamshi ya mwenyeji huamua kile ambacho tahajia imeficha. Na wazee wa mahali waulizwe mapema, nyumbani kwao, kwa adabu ileile ambayo mngemwendea nayo mzee wa kwetu.

Tena, nakusihi sana: majina haya yasitumike peke yake wakati wa hatari. Kuzunguka Ben Nevis pekee kuna zaidi ya kilele kimoja kinachoitwa Càrn Dearg, na Beinn Dearg zimetapakaa nchi nzima. Mtu akiumia, pigeni 999, ombeni polisi kisha waokoaji wa milimani, na muwape namba za gridi za ramani mahali mlipo. Andika maelekezo hayo ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Kimebaki kijito chako, Allt na h-Àirigh. Àirigh ni kibanda cha malisho ya kiangazi. Hadi karne ya 18 na 19, na visiwani hata baadaye, watu wa bondeni, hasa wanawake na vijana, walipanda na ng'ombe hadi nyasi za juu, wakakaa huko kwa majuma wakikamua na kutengeneza siagi na jibini, mashamba yakipumzika na kwato. Neno la karibu kabisa ninaloliona katika Kiswahili ni dago, ile kambi ya wavuvi wanaohama na msimu wa samaki. Andika "Kijito cha Dago la Wachungaji", na kwa msomaji wa bara ongeza maelezo ya mstari mmoja. Lakini kabla ya kuandika, mkirudi pale mwezi wa Juni, fuata maji kuelekea juu na utazame kingo zake. Ukiona kipande cha nyasi za kijani kibichi katikati ya vichaka vya rangi ya kahawia, kilichorutubishwa na samadi ya miaka mingi, ingia ndani yake ukapapase chini kwa mguu. Mara nyingi kuna mawe ya msingi, yamepangwa kwa duara au mstatili mdogo, na upana wake hautoshi zaidi ya watu wawili au watatu kulala.